Laptopu imegomea Wi-Fi ya chuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi ambaye Wi-Fi ya chuo imemgomea kwenye laptopu, huku mwenzake wa meza ileile anapakua notisi bila shida. Inauma, hasa wiki ya kuwasilisha kazi, bando limekata na bumu halijaingia. Nimewasaidia wanafunzi kwenye jambo hili kwa muda mrefu, na kinachonisikitisha kuliko yote ni kumkuta mtu ameshamlipa fundi ampigie Windows upya, mafaili yake yamepotea, na Wi-Fi bado haikubali. Mara nyingi Windows haikuwa na kosa lolote.

Maelekezo mengi hapa ni ya Windows 10 na 11, kwa sababu ndizo zilizo kwenye laptopu nyingi za wanafunzi wetu. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, usije ukayatafuta ukayakosa.

Nianzie wapi?

Anza kwa kujua imekwama wapi. Kabla hujafungua ukurasa wowote, laptopu hupita hatua nne: inaona jina la mtandao, inakubaliwa kwa nywila, inapewa anwani (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao), kisha inafika intaneti. Kama jina la mtandao halionekani kabisa, kubadilisha nywila hakutasaidia. Kama imeshaandika "Connected" lakini hakuna kinachofunguka, kuhangaika na draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya Wi-Fi, kile kifaa cha ndani kinachonasa mawimbi) ni kupoteza muda.

Jaribio la kwanza ninalomwambia kila mtu ni hotspoti ya simu. Washa hotspoti, uunganishe laptopu. Ikikubali, basi kadi ya Wi-Fi ni nzima na draiva inafanya kazi; shida iko kati ya laptopu yako na mtandao wa chuo. Ikikataa hata hotspoti, shida iko ndani ya laptopu yenyewe. Ila angalia bando: Windows ikionja intaneti huanza kupakua masasisho kimyakimya. Mara tu ikiunganika, fungua sifa za mtandao huo wa hotspoti na uwashe "Metered connection".

Laptopu haioni Wi-Fi yoyote, hata alama yake imepotea. Imekufa?

Huenda imezimwa tu. Angalia safu ya juu ya kibodi, kuna kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara. Kwenye laptopu nyingi za HP ni F12, na kitaa chake kikiwa cha rangi ya chungwa maana yake Wi-Fi imezimwa. Baadhi ya Lenovo za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au kwa mbele, ambayo hujisukuma yenyewe laptopu ikiingizwa kwenye begi. Wanafunzi wengi hawajui kama ipo.

Kama si hilo, bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, fungua "Device Manager", tazama chini ya "Network adapters". Ukiona jina lenye neno Wireless au Wi-Fi lina pembetatu ya njano, draiva ina hitilafu. Usipoona jina la namna hiyo kabisa, draiva haipo au kadi imelegea ndani. Hali hii ndiyo huwapata wengi waliotoka kupigiwa Windows: fundi ameweka mfumo, draiva ya Wi-Fi hakuweka.

Sasa utaipakuaje draiva wakati huna Wi-Fi? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu washa "USB tethering". Laptopu itapata intaneti kupitia waya, bila kuhitaji kadi ya Wi-Fi. Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, andika modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini, pakua draiva ya Wi-Fi. Achana na zile programu zinazodai kutafuta draiva zote kwa mkupuo. Nyingi huja na takataka usizoziomba.

Inaona Wi-Fi za watu wengine wote, ila ya chuo haionekani.

Sababu ya kawaida ni masafa. Wi-Fi hurushwa zaidi kwenye 2.4 GHz na 5 GHz. Masafa ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi lakini huishia karibu. Laptopu nyingi za bei nafuu na za zamani zina kadi ya 2.4 peke yake, kwa hiyo mahali ambapo chuo kinarusha 5 tu, kwako mtandao huo haupo. Kujua, fungua "Command Prompt", lile dirisha la kuandikia amri, andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11a au 802.11ac, kadi yako inapata 5 GHz. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, basi ni ya 2.4. Hapo dawa ni adapta ndogo ya USB ya kuchomeka pembeni yenye masafa yote mawili. Adapta hiyo ni nafuu kuliko laptopu mpya, na huchomolewa ukahamia nayo laptopu nyingine.

Kabla ya kununua chochote, sogea. Simama karibu na kile kiboksi cheupe kilichobandikwa darini kwenye korido au maktaba. Jina likijitokeza hapo, laptopu haina ubaya. Kuta za zege za bwenini ndizo zinazokula mawimbi.

Naandika nywila sahihi kabisa, bado inakataa.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza jua Wi-Fi yenu ni ya aina gani. Ipo yenye nywila moja ya wote, na ipo inayotaka jina la mtumiaji na nywila ya kila mtu, ile akaunti unayoingilia kwenye mfumo wa chuo. Kama ni ya pili, fanya kipimo rahisi: chukua simu, tumia data yako, ingia kwenye mfumo wa chuo kwa jina na nywila hizohizo. Zikikataa huko pia, laptopu haihusiki. Akaunti ndiyo yenye tatizo. Vipo vyuo ambavyo akaunti ya mwaka wa kwanza haifanyi kazi mpaka usajili ukamilike, na ukiwa bado unadaiwa hati fulani, utaandika nywila mpaka uchoke.

Zikikubali kwenye simu, angalia jinsi unavyoziandika kwenye laptopu. Wengi hunakili jina la mtumiaji kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, na mwishoni inaingia nafasi moja isiyoonekana. Kwa macho ni jina lilelile, kwa seva, ile kompyuta ya chuo inayokagua majina, ni jina jingine. Wengine namba ya usajili ina mikwaju au nukta, wao wanaacha. Wengine sifuri wanaandika herufi O. Bonyeza kile kijicho pembeni ya kisanduku cha nywila uone ulichoandika, ila hakikisha hakuna anayechungulia.

Nilibadilisha nywila wiki hii, ndipo matatizo yakaanza.

Laptopu bado inapeleka nywila ya zamani. Ukishaihifadhi, haikuulizi tena. Inajaribu, inakataliwa, inajaribu tena. Ingia Settings, "Network & internet", "Wi-Fi", "Manage known networks", chagua mtandao wa chuo, bonyeza "Forget". Kisha unganisha upya.

Fanya hivyohivyo kwenye simu, na kwenye tableti kama unayo. Watu husahau hili. Mifumo mingi hufunga akaunti kwa muda ikikosewa nywila mara kadhaa mfululizo, na simu iliyoko mfukoni inaweza kukukosea hiyo nywila kutwa nzima bila wewe kujua. Unarekebisha laptopu vizuri kabisa, akaunti inafungwa tena na simu.

Na saa ya kompyuta ikiwa si sahihi? Inahusiana nini na Wi-Fi?

Inahusiana sana. Kwenye mtandao wa akaunti binafsi, seva ya chuo hujitambulisha kwa laptopu yako kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Laptopu hulinganisha tarehe hizo na saa yake. Saa ikiwa nyuma miaka kadhaa, cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, na muunganisho unakatwa. Ujumbe unaopata ni "Can't connect to this network" tu, haukuambii kosa ni saa.

Ililetwa laptopu moja ya mtumba, safi, ya mwanafunzi wa ualimu. Ameshaambiwa mtaani kuwa Windows imeharibika. Kona ya chini kulia ya skrini imeandikwa 1 Januari, na mwaka ni wa kabla hata hajaanza kidato cha kwanza. Tukarekebisha tarehe, tukabonyeza "Connect", ikaingia. Kesho yake akarudi, tarehe imerudi nyuma tena. Hapo ikajulikana betri ndogo inayotunza saa imekufa, ile ya duara bapa yenye maandishi CR2032, ya volti 3. Ni betri ya bei ndogo. Kwenye laptopu nyingi huwa imefunikwa plastiki na ina waya mfupi, kwa hiyo mwachie fundi aibadilishe, na umwambie wazi kuwa hicho ndicho pekee unachotaka afanye.

Kurekebisha saa: Settings, "Time & language", "Date & time". Kwenye "Time zone" chagua (UTC+03:00) Nairobi. Ndiyo inayotumika hata ukiwa Dodoma, Mwanza au Unguja. Windows inaweza kujirekebishia saa yenyewe ikiwa na intaneti, lakini intaneti ndiyo imekosekana, kwa hiyo weka kwa mkono.

Inaniuliza kama naendelea kuunganisha, na kunionyesha cheti. Nikubali?

Usibonyeze kabla ya kusoma. Fungua "Show certificate details" na ulinganishe jina la seva na lile lililo kwenye maelekezo ya chuo. Yakifanana, endelea. Kama chuo hakijatoa jina hilo, liulizie ofisi ya TEHAMA. Ni haki yako kulijua.

Nasisitiza hili kwa sababu mtu yeyote mwenye laptopu anaweza kurusha mtandao wenye jina lilelile la chuo. Laptopu yako ikiunganika kwake, anaweza kunasa jina lako na nywila yako. Na nywila hiyohiyo ndiyo inayofungua matokeo yako, barua pepe yako na fomu zako za usajili. Ukiwa umeshaunganika siku zote bila kuulizwa, halafu ghafla jioni moja bwenini unaulizwa upya, simama hapohapo na uripoti.

Imeandika "Connected, no internet". Maana yake nini?

Umevuka hatua mbili za kwanza, ya tatu au ya nne ndiyo imegoma. Fungua "Command Prompt", andika ipconfig, tafuta mstari wa "IPv4 Address" chini ya Wi-Fi.

Anwani ikianza na 169.254, hakuna aliyekupa anwani. Laptopu imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa. Andika ipconfig /release, subiri, kisha ipconfig /renew. Isipobadilika, fungua sifa za mtandao huo na uangalie "IP assignment". Kama imeandikwa "Manual", mtu aliwahi kuiwekea laptopu anwani ya kudumu, pengine ofisini au kwenye banda la intaneti. Irudishe iwe "Automatic (DHCP)".

Kabla ya kwenda mbali, muulize jirani yako. Naye akiwa na 169.254, tatizo ni la chuo. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani zisizozidi 254 za kugawa. Ukumbi wa watu 300, kila mmoja na simu na laptopu, anwani zinakwisha kabla ya mhadhara kuanza. Hata ukizima Wi-Fi ya simu, anwani yake hairudi papo hapo, kwa sababu imekodishwa kwa muda maalumu. Hapo huna la kufanya kwenye laptopu yako. Ripoti, na ripoti kwa wingi, ili wahusika waongeze anwani au wafupishe muda wa kukodisha.

Anwani ikianza na 10. au 192.168, anwani unayo. Kagua vitu viwili. Cha kwanza ni DNS, seva inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani: wengi wamefuata ushauri wa video wakaweka 8.8.8.8 kwa mkono ili intaneti "iwe na kasi". Ni seva halali ya Google, lakini vyuo vingi huzuia DNS za nje, na ukurasa wao wa kuingilia hautokei bila DNS yao. Irudishe "Automatic". Cha pili ni proksi, kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitishwa: Settings, "Network & internet", "Proxy". Kama imewashwa na si chuo kilichokupa, izime.

Ukurasa wa kuingilia, ule wa kuandika namba ya usajili, haufunguki.

Fungua kivinjari, andika http://neverssl.com kwenye sehemu ya anwani. Ni tovuti iliyotengenezwa kwa kazi hii: haitumii usimbaji (kuficha data inayosafiri), kwa hiyo mtandao wa chuo unaweza kuikatiza na kukupeleka kwenye ukurasa wao. Ukianza na Google au YouTube, kivinjari kinakataa kukatizwa, na utaona onyo la usalama badala ya ukurasa wa chuo.

Kama una VPN, programu ya kupitisha intaneti yako kwa njia ya siri, izime kwanza; utaiwasha ukishaingia, ikiwa sheria za chuo zinaruhusu. Kwenye mipangilio ya kivinjari zima pia "secure DNS". Na kama jana uliingia na leo hauingii, jaribu dirisha la faragha.

Simu inaingia vizuri, laptopu inaambiwa vifaa vimezidi.

Vyuo vingi huweka kikomo cha vifaa kwa kila mwanafunzi, na huvitambua kwa anwani ya MAC, ile namba ya tarakimu na herufi 12 ya kadi ya Wi-Fi. Tatizo ni kwamba mifumo ya siku hizi inaweza kubadilisha namba hiyo ili kulinda faragha. Kila ikibadilika, chuo kinaona kifaa kipya, na nafasi zako zinajaa na laptopu moja ileile.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi, zima "Random hardware addresses" kwa mtandao wa chuo peke yake. Kwenye Mac yenye macOS Sequoia, iliyotoka 2024, tafuta "Private Wi-Fi address" na uchague "Off" au "Fixed" badala ya "Rotating". Kisha omba TEHAMA wafute vifaa vya zamani kwenye akaunti yako. Kwenye mitandao ya watu baki, kama ya hotelini au uwanja wa ndege, acha kinga hiyo ikiwa imewashwa.

Naona mtandao unaitwa eduroam. Ni wa nani?

Ni Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, na ni wako pia, kama chuo chako ni mwanachama. Ulianza Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa uko katika nchi zaidi ya 100. Husimamiwa na mtandao wa elimu na utafiti wa kila nchi: kwa Tanzania uko chini ya TERNET, Kenya ni KENET, Uganda ni RENU. Ukishauweka sawa chuoni kwako, ukienda chuo kingine mwanachama, laptopu inaunganika yenyewe kwa akaunti yako ya chuo chako.

Kosa linalowakwamisha wengi ni kuandika jina la mtumiaji bila sehemu ya @ na kikoa cha chuo (jina la chuo kwenye intaneti). Sehemu hiyo ndiyo inayoiambia seva ombi lako lipelekwe wapi. Bila hiyo huenda ikakubali chuoni kwako ukadhani mambo ni sawa, halafu ukakwama ugenini. Njia salama ya kuuweka ni programu ya geteduroam, ambayo hujaza mipangilio pamoja na jina la seva la kuhakiki.

Inaunganika halafu inakatika kila baada ya muda.

Kwenye "Device Manager" fungua sifa za kadi ya Wi-Fi, sehemu ya "Power Management", ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kama inakatika ukiwa sehemu moja tu ya jengo, ni mawimbi dhaifu. Kama inakatika saa za jioni tu, ni msongamano.

Laptopu yangu ina Windows 7. Itakubali?

Huenda ikakubali, lakini Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na vyeti vipya na WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi, huisumbua. Windows 10 nayo iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa Wi-Fi ya chuo bado inafanya kazi vizuri. Kama laptopu haina nguvu ya kubeba Windows 11, Linux nyepesi ni njia ya heshima. Ukitumia Ubuntu 22.04 au ya baadaye ikakataa mtandao wa akaunti, huenda seva ya chuo bado inatumia TLS (kanuni ya usimbaji wa mawasiliano) ya zamani. Wasiliana na TEHAMA, maana seva yao ndiyo inayohitaji kuboreshwa.

Basi nipige Windows upya?

Hapana, si kwa ajili ya Wi-Fi. Kama umejaribu yote, ipo "Network reset" ndani ya "Advanced network settings". Inafuta mipangilio yote ya mtandao na kuisimika upya kadi, bila kugusa mafaili yako. Itafuta pia nywila zote za Wi-Fi ulizohifadhi, kwa hiyo ziandike kwanza.

Rafiki yangu anaweza kuniazima akaunti yake?

Mkatalie hata akijitolea. Chochote kitakachofanywa kwenye mtandao kwa akaunti hiyo kitasomeka ni chake, na yeye ndiye atakayeitwa kujieleza. Na ukishaijua nywila yake unaweza kufungua matokeo yake.

Nikienda ofisi ya TEHAMA, niende na nini?

Nenda na laptopu yenyewe pamoja na chaja, picha ya ujumbe wa kosa, jina la mtandao, jengo na saa ilipogoma, na anwani ya MAC, ambayo utaipata kwa kuandika ipconfig /all na kusoma mstari wa "Physical Address" chini ya Wi-Fi. Waambie kama hotspoti ya simu ilikubali au ilikataa. Hakuna mtumishi anayehitaji umtajie nywila yako. Ikihitajika kuandikwa, geuza laptopu uiandike mwenyewe.